Kamanda wa Misingi

Kosa lilikuwa langu, na nimelikiri mara nyingi, hata mbele ya watu ambao hawakuniuliza. Nina ofisi ndogo ya tafsiri Hamriya, mjini Maskati, chumba kimoja juu ya duka la mashuka, na kazi yangu ni kugeuza vyeti vya watu viwe Kiarabu: vyeti vya ndoa, vya shule, vya kuzaliwa, vya tabia njema. Siku moja ya Ramadhani, ikiwa imebaki saa moja hivi tufuturu, aliingia mwanamke wa Kihispania, injinia wa mambo ya maji, na bahasha ya karatasi za baba yake. Mama yake alikuwa ameshafariki, mzee amebaki peke yake katika nyumba yenye ngazi nyingi, naye akataka kumleta Maskati akae karibu naye. Karatasi zilikuwa zimeshatiwa Kiingereza huko kwao. Mimi nilitakiwa kuzitia Kiarabu tu.

Kati ya karatasi hizo ulikuwamo wasifu wa mzee: kanali mstaafu, kamanda mwanzilishi wa kikosi cha uokoaji. Sijui nilikuwa nikifikiria nini. Nadhani nilikuwa nikifikiria sambusa. Kwa Kiarabu, neno la kuanzisha na neno la msingi wa nyumba ni ndugu wa tumbo moja, nami nikamchukua siye. Nikaandika, nikapitia upya, nikaridhika, nikapiga muhuri. Kanali wa watu akaingia Omani kama Kamanda wa Misingi.

Yule injinia alikuwa anaishi katika fleti ndogo, na akaniuliza kama najua mahali pa kumpangishia baba yake, penye uwanja, maana mzee hawezi kukaa bila kutembea. Sisi nyumbani Ansab tulikuwa na mulhaq uani, vyumba viwili na jiko, uliobaki mtupu tangu kaka yangu ahamie kwake. Lakini mwenye nyumba ni mama yangu, na mama hampangishi mtu kabla ya kusoma karatasi zake. Akavaa miwani, akausoma wasifu ule mstari kwa mstari, mpaka alipofika kwenye cheo.

"Huyu ndiye wa kumpa," alisema. "Ukuta wa jikoni una ufa tangu zile mvua kubwa."

Mzee alifika baada ya Idi. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono, na masharubu meupe yaliyokatwa sawasawa kama yamepimwa kwa rula. Alisimama mlangoni kwetu, akaweka mkono kifuani, akasema:

"Yambo, mama. Miye nafika. Niko na furaha mingi ya kuona ninyi bote."

Mama aliniangalia. Sisi ni watu wa Unguja. Bibi yangu alikuwa akimsahihisha hata muuza samaki. Tulijua kwamba mgeni ni Mhispania, hatukujua kwamba miaka mingi nyuma alikaa miaka miwili mashariki mwa Kongo na askari wa kulinda amani, na kwamba huko alijifunza Kiswahili kwa mpishi na fundi wa magari.

"Hichi anachosema ni Kiswahili?" mama akaninong'oneza.

"Ndiyo, mama. Cha Kongo."

"Masikini," akasema mama. "Kilipata ajali gani njiani?"

Hakumwacha hata anywe kahawa. Alimchukua moja kwa moja hadi nyuma ya jiko, akamwonyesha ufa. Kanali hakuuliza kwa nini. Amekulia jeshini, na mwanamke wa umri ule akikuelekeza kitu kwa kidole hiyo ni amri. Akapiga magoti kwenye kokoto na suruali yake nzuri, akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, akaomba kalamu ya risasi. Akachora kistari pale ufa unapoishia, akaandika tarehe pembeni yake. "Tutaangalia kama inaenda mbele," alisema. Na kila asubuhi, kwa wiki tatu, alikuja mlango wa jikoni kutoa ripoti: "Mama, ufa iko palepale."

Mama alifurahi sana na mpangaji huyu. Aliwatangazia kwa simu jamaa wote kwamba safari hii tumepata mtu wa maana.

Aliyegundua ukweli ni dada anayetusaidia nyumbani, mtu mzima wa Iringa, mama wa watoto watatu, ambaye haoni haya kuuliza. Alikuwa anaanika nguo, kanali anakagua ukuta. "Mzee," akamwuliza, "kwani huko kwenu umejenga nyumba ngapi?"

"Apana," akajibu kanali. "Miye sijenge hata moja. Miye natoa batu ndani ya nyumba."

Dada alikuja kuniita, uso umemjaa wasiwasi, akidhani tumemkaribisha dalali wa kufukuza wapangaji. Nikenda, nikamuuliza, akanieleza kazi yake ilivyokuwa: mafuriko, mioto, nyumba zilizoanguka. Nikakimbilia faili langu. Ndipo nilipoliona kosa langu limetulia pale chini ya muhuri wangu mwenyewe. Nilitoa tafsiri mpya siku ileile, ingawa ile ya kwanza ilikuwa imeshaingia kwenye majalada ya wakubwa na sijui kama imetoka.

Kilichobaki ni kumwambia mama.

"Kwa hiyo si fundi?"

"Si fundi, mama. Alianzisha kikosi. Nilikosea mimi."

Mama akafikiri. "Na mbona ule ufa umesimama?"

Nikenda kuutazama. Kweli, ulikuwa palepale kwenye kistari.

Tangu hapo, baada ya alasiri, kanali alianza kuja barazani kunywa kahawa na kutuhadithia maisha yake. Alihadithia kwa utaratibu, kama ripoti, na kila siku aliendelea pale alipoachia jana. Mama alikuwa hakimu. Shoga yake mama, jirani wa nyumba ya tatu, aliyezaliwa Bujumbura na kuja Omani akiwa msichana, alikuwa mkalimani pale Kiswahili cha kanali kilipozidi. Jambo hili lilimuudhi mama kidogo, maana shoga alikuwa akicheka kabla yake.

Alizaliwa mji mkavu wa bara, baba yake kinyozi, wao watoto saba katika vyumba viwili. Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na minane kwa sababu alitaka kuona bahari. Wakampeleka milimani. Na huko likajitokeza tatizo ambalo hakuwahi kulijua alipokuwa kwa baba yake: hakuweza kutofautisha kushoto na kulia. Kwenye gwaride wenziwe wakigeuka huku, yeye anageuka kule, anabaki anatazamana uso kwa uso na askari wa nyuma yake. Akaandika herufi kwenye viganja. Jasho likafuta. Akatia jiwe dogo kwenye kiatu cha kushoto, akachechemea kwa mwezi mzima, akapelekwa kwa daktari. Mwishowe jeshi likaona kwamba kijana ana akili ila hafai kuonyeshwa watu, likamtia katika madaraja na maghala, na humo akapanda cheo taratibu, miaka ishirini, bila mtu kumwona.

"Na ukamanda ukaupata vipi?" mama akauliza.

Hapo kanali aliweka kikombe chini. Ulikuja mwaka wa mafuriko makubwa kwao, watu wakalalamika kwamba jeshi linafika maji yameshapungua na halijui kuogelea. Ikatoka amri kianzishwe kikosi cha kuokoa watu. Maofisa wakubwa walikataa mmoja mmoja, kwa adabu, maana kikosi hakikuwa na kambi, hakikuwa na bendera, hakikuwa na wimbo, wala mtu hapandi cheo kwa kubeba vikongwe mgongoni. Jenerali akatoka ofisini kwa hasira, akamkuta ofisa mmoja amesimama peke yake kwenye ujia.

"Akasema, wewe. Miye nikasema, ndiyo, jenerali."

"Ulikuwa unangoja kuitwa," mama akasema.

"Apana, mama. Nilikuwa natafuta choo. Waliniambia iko kushoto."

Shoga alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mama naye alicheka, lakini kwa kuchelewa, alipoona kwamba kanali mwenyewe anacheka.

Askari wake wa kwanza walikuwa kumi na mmoja. Kila kamanda aliombwa atoe mtu mmoja mzuri, na kila kamanda akatoa yule aliyekuwa anamwombea dua aondoke. Palikuwa na dereva asiye na leseni. Palikuwa na mpishi ambaye kitunguu kikikatwa karibu yake anavimba macho. Palikuwa na jeba mmoja mkubwa mwenye nguvu za ajabu aliyeogopa maji, hata ya ndoo. Walipewa ghala la zamani la nafaka juu ya kilima na lori moja lililokuwa likiwaka kwenye mteremko tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamanda mwanzilishi ilikuwa kukataa kambi mbili nzuri za tambarare.

Na watu wa kwanza waliookolewa, akasema, walikuwa bibi mmoja na nguruwe wake.

Nikaangalia chini. Nilitamani shoga angelifasiri lile neno kuwa mbuzi, lakini kanali alilisema wazi, kwa lafudhi safi kuliko maneno yake yote. Bibi alikuwa juu ya paa, maji yamefika madirishani, na akakataa kuteremka mpaka atangulizwe mnyama wake. Walibishana robo saa. Mwishowe kanali akambeba nguruwe mikononi hadi kwenye boti, nguruwe akakaa mbele ametulia kama abiria aliyelipa, na mpiga picha wa gazeti akawapiga picha hivyo: kamanda mwanzilishi na nguruwe, wote wawili wakitazama mbele. Picha ile ilitundikwa kwenye ukuta wa ghala na ikawa kama bendera yao.

Mama akauliza, "Na yule bibi?"

"Yeye nyuma yetu, na boti ya pili. Anapiga kelele, pole pole, mutamwangusha."

"Basi ni mtu mzuri," mama akasema. "Mnyama wake simo, lakini yeye ni mtu mzuri."

Usiku kucha sikumsikia mama akilalamika kuhusu hadithi ile, na asubuhi alimpelekea kanali sahani ya vitumbua. Yeye akajibu kwa chakula cha kwao, ambacho alikipika kwa heshima kubwa, viazi na mayai katika kikaango, na akakileta kimefunikwa kitambaa cheupe. Akatueleza kwamba ndicho fahari ya nchi yake. Dada akafunua, akatazama, akakata kipande.

"Mzee," akasema, "hii si chipsi mayai?"

Kanali akasema siyo. Dada akasema ndiyo, na kwao inauzwa kila kona, na wanaweka na kachumbari. Wakabishana kwa upole mpaka kachumbari ikatengenezwa. Kanali akaonja, akatafuna muda mrefu, akasema kwamba nchi yake haitakiwi kulijua jambo hili.

Mambo yangeendelea hivyo barazani kama daktari asingemwambia mama kwamba sukari yake imepanda na ni lazima atembee kila siku. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Nje, saa mbili za asubuhi tu, kitasa cha gari kinakuunguza kidole. Watu wa Maskati wakiambiwa watembee huenda kwenye jengo kubwa la maduka, wakazunguka ndani kwenye kipupwe kabla maduka hayajafunguliwa. Liko moja Bawshar, si mbali nasi. Nikamchukua mama na shoga yake, na dada kwa ajili ya kuwashika mkono kwenye ngazi za umeme. Kanali akaomba kuja.

Siku ya kwanza alitembea nyuma yetu akitutazama. Mama na shoga yake walitembea hatua ishirini, wakakaa kwenye benchi kumalizia habari ya harusi moja, wakanyanyuka, wakaenda hatua kumi, wakaona pazia dirishani. Siku ya pili kanali alikuja na karatasi. Alikuwa ameichora ramani ya ghorofa yote, mabenchi yametiwa msalaba mwekundu.

"Hapa ni adui," akasema, akionyesha mabenchi.

Hivyo ndivyo kikosi cha pili cha maisha yake kilivyoanza. Alitupanga kwa urefu wa hatua, si wa mwili: dada mbele kwa sababu hachoki, halafu mama, halafu shoga, halafu mimi. Alituhesabia kwa sauti. Moja, mbili, moja, mbili. Ilipofika kona ya kugeuka alinyoosha mkono badala ya kusema upande, na sisi tuliojua siri yake tulijifanya hatuoni. Baada ya wiki mbili walijiunga wanawake wengine watatu, halafu watano, wote wa makamo na wazee, wamevaa mabuibui na viatu vya michezo. Wengine walikuja kwa sababu ya sukari, wengine kwa sababu ya kanali. Alimpandisha dada cheo akawa sajini, na tangu siku hiyo dada akawa anamwambia hata mama, "Bibi, inua magoti."

Sukari ya mama ilishuka. Daktari alimuuliza anatumia dawa gani mpya, mama akasema ya Kihispania.

Halafu tukampoteza shoga.

Ilikuwa mzunguko wa tatu. Kanali, kama kawaida yake kwenye kila kona, akahesabu watu, akasimama, akahesabu tena. Hayupo. Sura yake ilibadilika. Sikuwahi kuiona sura ile barazani. Akauliza ameonekana wapi mara ya mwisho. Akamweka mama katikati ya ukumbi na kumwambia asiondoke hata aitwe na nani. Akatugawa wawili wawili, kila wawili upande wao, dada akapewa vyoo vyote. Halafu akatoa mfukoni firimbi ya chuma, akaipuliza mara tatu, kwa pumzi ya mtu aliyepuliza firimbi juu ya mafuriko.

Maduka ndiyo kwanza yalikuwa yanafunguliwa. Wafanyakazi wa duka la simu walipoisikia firimbi na kumwona mzungu mwenye masharubu anakimbia akiita "Mama, mama," walifanya walichofundishwa kufanya: waliacha kila kitu wakatoka nje. Duka la manukato likawafuata. Duka la vitambaa likafuata manukato. Kwa dakika chache watu kama arubaini walikuwa wamesimama kwenye maegesho katika jua lile, wamejipanga mistari, wanajihesabu, na wote walipatikana isipokuwa yule tuliyekuwa tunamtafuta.

Dada ndiye aliyemwona. Nyuma ya nguzo, karibu na vyoo, palikuwa na viti vya kukanda mwili, vile vikubwa vya ngozi vinavyotetemeka. Shoga alikuwa amezama ndani ya kimoja, viatu amevivua na kuvipanga vizuri, amelala.

"Nilikaa kitako dakika mbili tu," alisema tulipomwamsha. "Mbona mnanitazama hivyo? Kafa nani?"

Kanali alikaa kwenye kiti cha jirani. Akatuhesabu tena wote kwa kidole, na alipofika kwa shoga akarudia. Shoga alipoona hivyo akaacha mzaha, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao wawili, "Basi, baba, niko hapa. Niko muzima."

Mlinzi alikuwa ameshafika, naye akatuchukua sote hadi ofisi ya meneja. Nilitarajia kufokewa. Meneja alikuwa kijana wa Kiomani, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, mpole mno. Aliagiza kahawa na tende kwanza, akamuuliza mama habari za watu wake, wakagundua kwamba bibi yake na mama walikuwa majirani mtaa mmoja huko Unguja. Baada ya hapo ndipo alipovuta karatasi. Alisema mikusanyiko yenye utaratibu ndani ya jengo inahitaji tasrih, yaani kibali, na tasrih inahitaji mtu mmoja wa kuwajibika.

"Nani kiongozi wa kundi hili?" akauliza kwa Kiarabu.

Nilipomfasiria kanali, alisimama. Alifunga kifungo cha juu cha shati. Alikuwa anafungua kinywa pale mama, bila kunyanyuka wala kuacha tende yake, aliposema, "Mimi."

Meneja akamtazama mzungu aliyesimama.

"Huyu ni mpangaji wangu," mama akasema.

Kijana aliandika jina la mama. Masharti yalikuwa machache: tusizidi watu kumi na tano, tusihesabu kwa sauti, na firimbi ibaki nyumbani. Mama alitia sahihi kwa mwandiko wake wa madrasa, akaikunja karatasi, akaitia mkobani. Kanali alikuwa bado amesimama, mpaka dada alipomgusa kiwiko.

Kwenye gari kanali alikaa mbele, kando yangu. Tulipita mzunguko mmoja wa barabara, tukapita wa pili. Kwenye taa nyekundu akasema, "Hii ni mara ya pili."

Akatuhadithia sehemu ambayo barazani hakuwahi kuifikia. Kikosi chake kule kilipotimiza miaka mitatu kilikuwa na askari mia mbili, malori yanayowaka popote, bendera, na wimbo. Siku moja jenerali akaja, akamsifu sana, akamwambia kwamba kikosi sasa kimekuwa cha maana, kwa hiyo kinahitaji kamanda wa maana. Wakampa ofisi mjini yenye dirisha kubwa. Kamanda mpya alihamishia kambi tambarare, jambo ambalo kanali mwenyewe alilikubali kuwa ni sawa. Halafu akaiteremsha ile picha ya nguruwe, kwa sababu wageni walikuwa wanacheka.

"Ofisi sikukasirikia," akasema. "Picha, nilikasirikia."

"Ikawaje?" nikamuuliza.

"Nikapiga saluti. Nikatoka. Nikaenda upande siyo, nikajikuta jikoni. Mpishi wangu ananiona, analia. Miye nikasema sababu ni kitunguu."

Tukaingia mtaa wetu. Kisha mama, kutoka kiti cha nyuma, akasema, "Bwana Kanali, skiza. Mie sikukunyang'anya kitu. Wewe huko serikalini umeandikwa kamanda wa misingi, shukuru binti yangu huyu. Ungelitoa jina lako pale, wangelituomba kibali cha ujenzi."

Ilimchukua muda kuelewa. Shoga akamfasiria. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa sekunde chache sikujua anacheka au vipi, nikapunguza mwendo. Alikuwa anacheka.

"Na jengine," mama akaendelea, kwa sauti ya chini kidogo. "Leo nilisimama pale katikati uliponiweka. Watu wanakimbia, mie sikuondoka. Sijapata kuamrishwa na mtu tangu afe marehemu mume wangu. Kwa hiyo usiseme hukuwa kamanda."

Kutoka siku hiyo mama alitembea mbele na karatasi yake mkobani, na kanali akahamia nyuma kabisa. Mwenyewe alisema nyuma ndipo pa kazi, maana anayepotea hupotea nyuma. Alihesabu kimyakimya, midomo ikicheza.

Majira ya baridi ilimfikia barua kutoka kwao. Kikosi kinaadhimisha kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, anaalikwa. Aliiweka juu ya friji siku nne. Binti yake alimbembeleza, hakukubali. Alisema atakalishwa kwenye kiti na kuangalia watu wanaogeuka vizuri kulia na kushoto. Suala likaletwa barazani. Shoga alisema asiende, watamdharau. Dada alisema aende, akale bure. Mama alisema, "Uliwaita watu kumi na mmoja wakaja bila kuuliza. Wakikuita wao wewe unauliza?" Dada akampigia pasi sare, akazing'arisha medali kwa dawa ya meno, na tukampeleka uwanja wa ndege.

Alirudi baada ya siku kumi na madumu ya mafuta ya zeituni, moja kwa kila nyumba. Kahawa ilipomiminwa tukamngoja aanze.

Walimkalisha safu ya tatu, kati ya askofu na mke wa mtu fulani. Waziri alihutubia, akasema kikosi kiliasisiwa na taifa. Jina lake halikutajwa. Gwaride lilikuwa zuri mno, akasema, hakuna hata mmoja aliyegeuka vibaya, na yeye akawaonea huruma kidogo. Baada ya hotuba alitoka ili aondoke, na kwenye geti akawakuta wazee sita wamemngojea kwa sababu hawakupewa kadi za kuingia: dereva, mpishi, yule jeba wa kuogopa maji, na wengine watatu. Wamenenepa, wana wajukuu. Dereva hatimaye alikuwa na leseni na akaitoa mfukoni kuionyesha.

Hawakujua pa kwenda, wakaenda kwenye lile ghala la nafaka. Siku hizi ni duka la makochi. Waliingia, wakakaa sita kwenye makochi mawili yaliyotazamana, na kanali kwenye kigoda, pale ilipokuwa meza yake, wakaongea mpaka mchana ukageuka alasiri. Muuzaji alikuja mara tatu kuuliza kama wamechagua rangi. Mara ya nne akawaambia kwamba duka si mkahawa. Yule jeba akasimama, muuzaji akaona ukubwa wake, akawaletea maji ya kunywa.

"Hakuyanywa," kanali akasema. "Bado anaogopa."

Mama alikuwa amesikiliza hadithi yote bila kuingilia, jambo la nadra. "Na hayo makochi," akauliza, "yalikuwa ya kitambaa au ya ngozi?"

"Kitambaa. Kijani."

"Kijani hakichafuki upesi," mama akasema, akamjazia kikombe.

Bado yuko uani kwetu. Goti moja limemchakaa na anatembea na mkongojo, na daktari amempunguzia mizunguko ikawa miwili kwa siku. Ule wa tatu, wenzake wanapoendelea, yeye hukaa benchi akimngojea shoga, ambaye siku hizi naye hutembea miwili tu, na huko wanazungumza Kiswahili chao mama asiwasikie. Jumamosi iliyopita kanali aliniambia kwamba anajifunza kupika bokoboko la ngano na nyama, lile analolipenda shoga, na kwamba dada ni mwalimu mkali.